Gia ya Fri

Nyumbani kwangu neno "fri" halisemwi. Mgeni nikimkaribisha kiti atakaa vizuri tu, hana haja ya kuambiwa akae fri. Vijana wanaocheza mpira nyuma ya nyumba wanajua kwamba frikiki wataipiga kimya kimya. Juzi nimemfukuza muuza sabuni aliyesimama mlangoni kunihubiria kuwa siku hizi biashara ni fri, kila mtu anauza anachotaka. Wanasema Mama Dorotea amerukwa na akili. Waseme.

Neno hilo la Kiingereza aliniletea mume wangu, Masatu, kutoka Musoma alikojifunza udereva. Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni na dizeli kwa kibali, aliendesha lori la ushirika, akitoa pamba vijiji vya Butiama kuipeleka jineri ya Bunda, kiwanda cha kuichambua. Mafuta waliyopewa hayakutosha safari. Basi madereva wakawa na ujanja wao: wakifika juu ya mteremko wanatoa gia, wanaweka fri, wanazima na injini, lori linashuka lenyewe bila kunywa hata tone. Mteremko mrefu kuliko yote ulikuwa huu wetu, unaoishia karibu na mlango wangu hapa Kiabakari. Pamba ilifika, na mwenyekiti wa ushirika akamsifu Masatu mkutanoni mbele za watu.

Tangu hapo kila kitu kwake kikawa fri. Baiskeli ikishuka bila kukanyagwa, fri. Jumapili hana safari, yuko fri. Shemeji akiona haya kuongeza ugali, "Kula bwana, jisikie fri!" Tulicheka mpaka tukazoea.

Watoto nao walikuwa na mchezo wao. Lori la baba yao lilishuka kimya, hulisikii, mpaka likikaribia kwetu ndipo anapiga honi. Honi hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Watoto wanatoka mbio, Dorotea mbele, wanasimama ukingoni mwa barabara penye mwarobaini. Baba anakanyaga breki, anampakia Dorotea, anawasha injini na kumpeleka hadi madukani. Mtoto anarudi kwa miguu na pipi mkononi, amevimba kichwa kama mke wa waziri.

Kisha ushirika ukafa, na wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua pamba. Masatu akapata kazi kwa Luhende, tajiri mmoja wa Bunda. Dizeli sasa ilikuwa tele, nikadhani mambo ya kuzima injini yamekwisha. Kumbe Luhende aliujua ujanja wa madereva, akawa anampimia mume wangu mafuta pungufu makusudi. Juu ya hapo, magunia aliyapandisha mpaka yakapita kichwa cha lori.

"Baba Dorotea," nikamwambia, "gari lenyewe limechoka. Si ulikuwaga unasema breki zake zinavujisha upepo?"

"Sasa nifanyeje? Nikilalamika, ataniambia niko fri kuacha kazi. Madereva wamejaa pale getini wanangoja kiti changu."

Na ilikuwa kweli.

Siku yenyewe nilikuwa uani napepeta mtama. Nikasikia honi. Ikalia tena, ikalia mfululizo bila kukoma. Masatu alinieleza baadaye: injini ikiwa imezimwa, breki za upepo hazijazwi. Alikuwa amezikanyaga sana kule juu kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakivuka, na alipofika katikati ya mteremko pedali ikazama, haikushika kitu. Akajaribu kuwasha, injini ikagoma. Akabaki na honi tu ya kuwafukuza watu barabarani.

Lakini watoto wetu tuliwafundisha nini? Kwamba honi ni baba. Honi nyingi, basi leo baba ana furaha. Dorotea, darasa la nne, akatoka na sare yake ya shule akaenda kusimama penye mwarobaini, ameinua mkono.

Lori likaja na magunia yale, likashindwa kona, likalala upande wetu. Magunia yakapasuka. Tulifukua pamba kwa mikono, mimi na majirani, nyeupe kila mahali, nikaona kiatu.

Luhende alikuja msibani na jeneza na mfuko wa sukari. Akamshika Masatu bega. "Pole sana, bwana. Wewe kaa fri tu mpaka moyo utulie, msimu ujao nitakuita." Nilimtukana mbele ya padri, matusi ambayo sikujua kama ninayo. Padri hajanidai toba, na mimi sijaipeleka.

Masatu hakushika usukani tena. Msimu wa pamba ukianza anapanda juu ya mteremko asubuhi, anakaa kwenye jiwe. Lori likitokea anasimama na kupunga mikono yote miwili: "Washa! Washa injini!" Wengine wanadhani anaomba lifti. Wanaomfahamu wanacheka, wanazima na kushuka, na kwa heshima ya dereva mwenzao wa zamani wanampigia honi.

Nikiisikia honi hiyo naacha chochote nilichoshika, natoka mbio kuwaita watoto waingie ndani. Nyamburi! Felisian! Dorotea! Kila mara nalitaja na jina hilo la mwisho, na wadogo zake wanasimama mlangoni wananitazama.