Ee ya Mkamwana

...kwa hiyo ni ndiyo au ni hapana, hakuna lingine, Mzee Nsajigwa alijiambia, kidole kikiwa juu ya kipanya bila kubonyeza, na swali limekaa katikati ya kioo cha kompyuta ndani ya kisanduku chake cha kijivu, je, unataka kuhifadhi mabadiliko ya MBASA, Kiingereza kizuri tu, hakina kosa, na chini yake ndiyo, na hapana, na kile kitufe cha tatu ambacho hakutaka hata kukitazama, na nyuma ya kisanduku samaki wake hayupo tena, mto mzima umekuwa rangi ya fedha, kwa sababu alichukua ile ndoo ya kumwagia rangi, akaielekeza tumboni mwa mbasa katika picha ya tano, akabonyeza, na rangi badala ya kutulia tumboni ikatoka, ikajaza maji, ikajaza mawe, ikajaza mbingu... kuna tundu mahali, mstari haukufungwa, labda pale pezi linapokutana na tumbo, tundu dogo kuliko punje ya mchanga, kama tuta la shamba la baba yake kule Busale, kaa mmoja anatoboa na asubuhi jaruba zima limekauka, mpunga umesimama kwenye tope, na baba haanzi kuziba ovyo, anatupa majani makavu juu ya maji yaliyobaki na kuyatazama yanaelekea wapi, ndipo anainama... naye angeinama, angelikuza pezi mpaka lienee kioo kizima, angeliona tundu akaliziba, lakini programu hii inakubali kutengua jambo moja tu, la mwisho, na yeye katika kuhangaika alikwisha bonyeza jambo jingine juu yake, na jingine, mwisho akataka kuifunga programu yenyewe, na kisanduku kikatokea. "Mzee Nsajigwa!" hiyo ni sauti ya Hezroni, mwenyekiti wa wavuvi, yuko nje na pikapu yake na jenereta nyuma, "huyo samaki hajaiva tu? Kikao saa sita, na barabara ya Matema unaijua!" "Anakuja," alijibu. "Mwaka jana alikuja amelala!" na dereva akacheka, acha wacheke, mwaka jana walicheka kikao kizima, alipotundika ukutani mchoro wake wa karatasi, mbasa jike mwenye mayai akipanda mto Lufilyo kwenda kutaga, magamba yote yamehesabiwa, jina limeandikwa chini kwa herufi za kusimama, mbasa, si basa, wala si mpasa kama wanavyosema ng'ambo ya Songwe, kazi ya mtu aliyechora samaki miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya serikali, tena ofisi ambayo Bwana Afisa mwaka 1953 alimwandika Sajigwa kwenye daftari la mahudhurio, na yeye kila asubuhi akaiongeza ile N kwa kalamu yake mwenyewe, bila neno, miezi minne, mpaka Bwana Afisa akachoka akaanza kuiandika, hivyo ndivyo alivyo, hachoki... na Hezroni akasimama mbele ya mchoro, akainamisha kichwa, akasema, samaki wa mzee amelala, tumwamshe au tumkaange, na mkutano ukaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichopiga kura, nyavu zikabaki zimeziba mdomo wa mto, na msimu huu mbasa wanaoletwa sokoni Kyela ni wembamba kama mkono wa mtoto. Leo atatembea. Ameapa atatembea, picha nane zikipita haraka moja baada ya nyingine, mkia kushoto, mkia kulia, apande mto mbele ya macho yao, afike kwenye wavu, asimame, arudi, apande tena, wacheke tuone, leo ndiyo wanapiga kura ya mwisho, na aliyempa mbasa miguu, kama samaki ana miguu, ni mke wa Aliko, mwanawe. Aliko mwenyewe hajui kitu, kompyuta ni yake lakini anajua barua na fotokopi tu, na leo yuko Kasumulu anafuatilia mzigo wa karatasi mpakani, anayejua ni mke wake, aliyesoma uchoraji Dar es Salaam miaka miwili, na mke wa Aliko ni mkamwana, na mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake, na yeye baba mkwe vilevile anampisha njia, vijana wa mjini wameacha lakini nyumba hii haijaacha, kwa hiyo wamefanya kazi hii wiki tano bila kuonana, yeye anachora, anakohoa mara mbili, anatoka kwa mlango wa mbele kwenda kibarazani, ndipo mkamwana anaingia kwa mlango wa uani, anasahihisha, anaondoka, naye akirudi anakuta mkia umepindwa vizuri zaidi na kiti bado kina joto... na kile kitu walichokiita ganda la kitunguu, unapochora picha mpya ile ya nyuma yake inaonekana chini kwa weupe, hafifu, kama kuandika juu ya ganda, mwanzoni alidhani ni mambo ya jikoni, kumbe ndiyo njia pekee aliyowahi kumwona mkamwana wake, mkono wake hafifu chini ya mkono wa mzee, mstari mwepesi, usio na woga, mstari wa mtu anayejua... siku nne zilizopita amejifungua. Mtoto wa kiume, yuko hai, anapiga chafya, yuko pale nyuma ya ukuta huu wa matofali usiofika juu, na mzazi hatoki ndani, kwa hiyo hakuna wa kuingia kusahihisha, kuna sauti tu, na sauti inapita kwa Elizabeth, mke wake, anayewaogesha wote wawili, mama na mwana. Juzi alimwomba Elizabeth aulize kwa nini rangi inatoka nje ya mstari, akaenda, akarudi na ndoo ya bati, akaiweka juu ya meza karibu na kompyuta, "anasema ndoo inavuja, mbona silioni tundu?" Leo alimweleza polepole, neno kwa neno, rangi imefurika picha ya tano, ya sita na ya saba na ya nane nimezichora asubuhi hii, sijazihifadhi, kisanduku kinauliza, nibonyeze ndiyo? Elizabeth akaenda. "Baba Aliko, anasema ee." "Ee nini?" "Ee tu. Umeuliza, kajibu." Ee! Anaijua ee hiyo, wiki ya pili alifuta mkia wa picha nne kwa bahati mbaya, kisanduku kikauliza, akauliza mwenyewe kupitia ukutani, nibonyeze ndiyo, na sauti ndogo ikajibu, ee, tata, yaani ndiyo, baba, akabonyeza, na kazi ya siku sita ikahifadhiwa ikiwa imeharibika, imeharibika milele, na alikasirika kimoyomoyo, akasema huyu binti hajui kitu... kumbe, na sasa tu ndiyo inamjia, kidole kikiwa juu ya kipanya, kumbe ile ee haikuwa jibu, mkamwana akiitwa na baba mkwe huitika, akiambiwa huitika, angemuuliza nikatumbukize kompyuta ziwani angesema ee, tata, wiki tano amekuwa akimuuliza mtu aliyefungwa mdomo kwa heshima, heshima yake yeye, na ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana ni kama mstari usiofungwa, kila kitu kinapita. Honi. Akiuliza nibonyeze hapana, ataambiwa ee. Akiuliza ungebonyeza kipi, atanyamaza, atamfundishaje mzee... kunyamaza, basi, anyamaze, kunyamaza anakuweza. "Mkamwana," alisema kwa sauti, mwenyewe, akiutazama ukuta, na maji yaliyokuwa yakimwagwa kule ndani yakakoma, "leo sitaki ee. Nitauliza. Nikipatia, nyamaza. Nikikosea, sema hapana, uniambie mimi." "Haya maajabu," Elizabeth alicheka, "mzee anamfundisha mtoto wa watu kumkatalia mkwe!" "Nibonyeze ndiyo?" Kimya... basi ni ndiyo, basi mafuriko yahifadhiwe, mbasa aende Matema amezama ndani ya fedha, na Hezroni... "Hapana, tata." Ndogo, lakini ilivuka ukuta. Sawasawa, basi ni hapana, programu ifungwe, ya sita, ya saba na ya nane zipotee, mbasa afike nusu ya mto. "Nibonyeze hapana?" Akahesabu, moja, mbili, tatu, mtoto akapiga chafya, nne... "Hapana." Hii ilikuwa kubwa zaidi, haikuwa hata na tata ndani yake, na Elizabeth hakucheka. Si ndiyo, si hapana... akakitazama kile cha tatu, hakuwa na pengine pa kutazama, kanseli, neno la muhuri mwekundu wa ofisi, uliogongwa juu ya leseni ya mtumbwi na mtumbwi ukawa kuni, kwa mkono wake mwenyewe aligonga mihuri ile, anajua neno hilo linaua, wiki tano amepitisha kipanya mbali nalo kama anavyopita mbali na mlango wa uani. "Kile cha tatu?" aliuliza, taratibu. Kimya. Kimya kizima, hata mtoto, na ndani ya kimya kile, bila kuulizwa, sauti ikasema, "Ni kughairi tu, tata. Kinarudi kwenye picha. Hakifuti kitu. Halafu ng'oa ya tano peke yake, uichore upya, ya nne itaonekana chini." Kughairi! Miaka yote ile alilijua neno, hakujua kuwa kuna kurudi ndani yake... atang'oa ya tano, ganda la kitunguu litamwonyesha ya nne, mstari ule mwepesi, ataufuata, atalifunga pezi kwanza kabla ya kushika ndoo, nusu saa, si zaidi, na kikao hakianzi bila mwenyekiti, na mwenyekiti yuko hapa mlangoni kwake. Kisanduku bado kilikuwa pale, cha kijivu, kinauliza, mto nyuma yake bado umejaa fedha, kidole bado kiko juu, na kipanya kimeanza tu kusogea kuelekea kitufe cha tatu. "Ndaga, Kisa," alisema kumshukuru, na kwa jina ambalo hajawahi kulitamka tangu liingie nyumba hii, na kule ndani kitu cha bati kikaanguka. Honi tena, ndefu. "Mzee, twende au vipi?" Mzee Nsajigwa hakugeuka. "Hapana," alisema.