Mpira Unapoishia

Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nilipojichongea, ingawa siku ile nilidhani ndipo nilipojikomboa.

Tulikuwa dukani, mimi na baba mkwe wangu, tunachagua kompresa, mashine ya kusukuma upepo. Ile kuukuu ya karakana yetu ya useremala ilikuwa imekohoa asubuhi moja, ikamwaga oili sakafuni, ikakata roho. Sikuililia. Lilikuwa dude kubwa kama ng'ombe aliyelala, limejengewa zege miguuni, na mpira wake wa upepo uliishia getini. Bunduki yangu ya misumari ilifanya kazi mpaka pale, na mimi vilevile. Wateja walileta milango na makabati, nikayapamba, wakayapeleka kwenye nyumba nisizozijua. Nimewahi kutengeneza ngazi nzima ambayo sijapata kuipanda.

Mume wangu, mtoto wa pekee wa mzee, alitoka kwenye geti hilohilo na boksi la vifaa begani, akasema anakwenda kumalizia kazi mji wa pili. Kazi hiyo haijaisha hadi leo. Nikabaki na mzee, mzee akabaki na mimi, akanifundisha ufundi wote aliokuwa amemwekea mwanawe. Hakuwahi kunifokea. Mtu wa kunifokea ningemweza.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mwenye fleti ghorofa ya tatu. Alitaka mbao za urembo chini ya kuta zote na kuzunguka milango. "Uje wewe mwenyewe," aliniambia, "simtaki mwingine. Ila usinicheleweshe, nahamia." Kazi ile ilikuwa yangu, si ya karakana. Jamani, niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula.

Muuzaji alimpeleka mzee moja kwa moja kwenye mashine kubwa. Mzee akagonga tangi kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikitimaji. "Hii ndiyo mashine," akasema. Mimi nimeganda mbele ya ile ndogo. Ilikuwa na mpini juu, na haikutumia oili, kwa hiyo haingechafua zulia la watu. Misumari ya kumalizia kazi ni myembamba kama sindano, haihitaji upepo wa kuoshea trekta. Muuzaji akaiwasha. Ikanguruma, ikajaa, ikajizima yenyewe, na sisi tukaendelea kuongea bila kupaza sauti. Ndipo nikaushika mpini, nikainyanyua.

"Kwa nini hiyo, mama?" mzee akauliza.

Jibu lilikuwa mdomoni: nataka kutoka nayo, baba. Lakini mkwe anaanzaje kumwambia mzee neno kama hilo, tena mbele ya muuzaji? Nikasema, "Haina kelele, baba. Utapata usingizi wako wa mchana."

Alinitazama mkono, si uso. "Haya, tuchukue hiyo."

Njiani niliipakata kama mtoto. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya, nilikuwa na furaha ya kuona aibu.

Kesho yake nilikwenda kununua misumari ya kazi ya fleti. Niliporudi, nilimkuta mzee amepiga magoti chini ya dirisha la chumba chake, drili iko pembeni, vumbi la zege limemjaa kwenye nyusi. Kompresa ilikuwa imekaa mbele yake, na kila mguu wake umepigwa bolti sakafuni.

"Nimekufungia," akasema, "isije ikatembeatembea."

Ni kweli, kompresa ndogo zikiwaka huwa zinatembea. Karakana nzima ikanikaa kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni.

"Baba, nilitaka kuibeba."

"Najua." Akajipangusa magoti, taratibu, moja kisha la pili. "Niliona ulivyoinyanyua. Yule naye alinyanyua boksi lake hivyohivyo."

Akaingia ndani kulala. Mimi nikaunganisha mpira uliokuja na mashine, nikauvuta. Ulikuwa mfupi kuliko ule wa zamani. Haukufika hata getini.

Fleti ilipata fundi mwingine. Siku moja nilipita chini ya jengo lile nikatazama juu, nikaona mapazia yameshatundikwa. Baada ya hapo miaka ikaenda kwa mlio uleule: inanguruma, inajaa, inajizima, na mzee anakoroma upande wa pili wa dirisha. Akiamka alikuwa akichungulia na kusema, "Upo, mama?" Namjibu, "Nipo, baba." Ningempenda kidogo tu, ningeondoka mikono mitupu. Ningemchukia, ningeondoka mapema zaidi.

Mwezi uliopita tumemzika. Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, nilichukua spana nikapiga magoti pale alipopiga yeye. Bolti ya zege hutanuka na kuuma pale unapoikaza nati, usipoikaza inasimama tu shimoni. Hilo alinifundisha mwenyewe. Nilipoitia spana bolti ya kwanza, ikazunguka yote, nati na bolti pamoja, kama kijiko kwenye chai. Nikajaribu ya pili. Nikaiweka spana chini.

Nikaushika mpini, nikanyanyua. Kompresa ikaja na bolti zake zote zikining'inia. Hakuna hata moja iliyowahi kukazwa.

Labda mikono yake ilikuwa imeshachoka siku ile. Labda sivyo, na hakuna tena wa kumuuliza. Miaka yote hiyo nimeifuta vumbi, nimeizunguka na ufagio, nimeitukana siku za hasira. Kuinyanyua tu ndiko ambako sikuwahi kujaribu.

Nilisimama nayo katikati ya karakana, geti liko wazi, mpaka mkono ukaanza kuniuma. Nikajikuta nasikiliza dirishani.