Blanketi la Bibi Lilipokataa Kukamuliwa

Jana usiku, nikiwa nimelala bila kujifunika, niliota blanketi la Bibi limekaa jikoni kwenye kigoda, linachuruzika maji na kuninunia.

Bibi anafika leo jioni kutoka Kyela kwenye joto lake, na hapa kwetu Tukuyu baridi haina adabu. Blanketi zito tunalo hilo moja tu. Jana mchana nililifua. Dada yangu Tusekile akasema, "Subiri tulikamue wote." Nikamwambia, sasa misuli hii nimeiweka ya nini? Nikalikamua mwenyewe, nikalianika. Mpaka naenda kulala lilikuwa linadondosha maji kama bomba bovu.

Sasa blanketi linaniuliza, "Wa pili yuko wapi?"

"Niko mwenyewe."

"Na upande ule kashika nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi mimi sikamuliki," likasema, likapangusa pua.

Nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya jiko. Nguzo ikakohoa. "Kijana, mimi nashikilia paa. Nikianza kuzungushana na wewe, mtalala wapi?"

Nikaona ina hoja.

Mara jiko ni mahakama. Hakimu ni msumeno mrefu wa kupasulia mbao, ule wa mishikio miwili, na kila mshikio umevaa miwani yake.

"Anayefanya kazi ya wawili lazima awe wawili," ukasema. Kabla sijakata rufaa ukanipasua, utosini hadi chini. Haikuuma. Ilitekenya kidogo.

Kusema kweli nilifurahi. Nusu yangu ya kulia ikashika huku, ya kushoto ikashika kule, tukatazamana. Ya kulia inazungusha kulia. Ya kushoto inazungusha kushoto. Blanketi linazunguka lote kwa pamoja kama gurudumu, wala halikamuliki.

"Geuza wewe," nikasema.

"Kwa nini mimi? Geuza wewe," nikajibu.

Tatizo wote ni mimi, na mimi najijua. Huwa sigeuzi.

Mlango ukafunguka. Bibi huyo, kajitwika mchele, meno yanagongana. Maji ya blanketi yamejaa jikoni, yanamfika magotini.

"Wajukuu zangu," akasema, akitazama nusu hii kisha nusu ile, "sasa nitajifunika nini?"

Nikataka kumwita Tusekile, lakini mdomo nusu uko huku, nusu uko kule. Upande mmoja unatoa "Tuse," mwingine unatoa "kile," na huo wa "kile" ndio unawahi. Bibi anatetemeka. Ikabidi tusubiriane, tukavuta pumzi pamoja, tukapiga kelele:

"Dada Tusekile! Njoo, nimeshindwa!"

Nikaamka. Niko mmoja, mzima, nimejikunja kwa baridi. Nikatoka nje mbio. Blanketi liko kambani, halidondoshi hata tone. Nikaligusa: limebaki na unyevunyevu tu, jua la leo litamaliza.

Jikoni Tusekile anachochea moto huku anajisugua kiganja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mkono unaniuma huu, we acha tu." Akapuliza moto, akanitazama. "Na wewe, si ungegeuza tu toka mwanzo? Ona sasa, umemlowesha Bibi miguu."