Gauni Safi la Bibi Afya

Mimi ni dobi, na nguo ya mtoto hainidanganyi. Magoti yakiwa ya kijani, alianguka kwenye majani. Makalio yakiwa mekundu, aliteleza kwenye udongo. Watoto wa mtaa mzima nawajua kwa madoa yao. Aliyenishinda ni wa kwangu mwenyewe.

Binti yangu ana miaka mitano, na kwa usafi wake shangazi yake amembandika jina la Bibi Afya. Alikuwa hatoki nje. Anashinda na mimi kibarazani, katikati ya mabeseni, akikunja soksi za watu. Mwalimu wake wa chekechea aliponiambia mtoto hana hata rafiki mmoja, niliingiwa na hofu kweli. Nikaanza kumtoa kila jioni: nenda uwanjani, kacheze na wenzako.

Anakwenda. Anarudi, soksi nyeupe pe.

"Umecheza?"

"Nimecheza sana, baba."

Nageuza pindo, nakagua kola. Hakuna doa wala jasho. Sasa huyu amecheza wapi, hewani? Nikamweleza dada yangu, akaangua kicheko.

"Wenzako wanalia na watoto wachafu, wewe unamlilia msafi. Hebu kapimwe kichwa!"

Jana nikamfuata. Mvua ilikuwa imeacha matope uwanjani na watoto walikuwa wanateleza humo, kelele hadi barabarani. Bibi Afya alisimama pembeni, masweta ya wenzake yamemjaa mikononi hadi kidevuni, viatu vyao amevipanga mbele yake, kila kimoja na mwenzake.

"Dobi, nishikie na hii!" mmoja akamrushia kofia. Akaidaka, akacheka.

Nikaduwaa. Anaonewa huyu, au anafurahi? Nigombe, au nijiondokee zangu? Nikamsogelea.

"Mama'ngu, mbona huchezi?"

"Si nacheza udobi? Nisiposhika nguo zao, zitachafuka. Halafu wewe utajishika kiuno useme, 'Jamani mgongo wangu.'"

Maneno hayo ni yangu. Nayasema kila siku nikiwa nimeinamia beseni, na wala sikujua kama kuna mtu anayasikiliza. Yaliniuma kuliko huo mgongo wenyewe.

Nikampokea masweta. "Leo nashika mimi. Haya, nenda."

Akavua viatu na soksi, akachovya kidole kimoja cha mguu, akanitazama. Akaingiza mguu mzima, akanitazama tena. Mara akateleza, akakaa chini pwaa, na gauni lake jeupe! Hakuyaangalia matope, aliuangalia uso wangu, na mimi sikujua niuweke vipi. Msonyo ulishafika mdomoni, machozi nayo yako njiani, na kicheko kinataka kupita hapo hapo.

"Baba, twende nikafue?"

"Kaa hapo hapo," nikasema. "Hujachafuka bado."