Bega la Kushoto

Shati lile bado ninalo. Liko chini kabisa ya sanduku la mninga nililolitengeneza mwenyewe, limekunjwa mara nne, na begani upande wa kushoto lina doa la manjano ambalo sabuni ya mche na jua la Tabora vimeshindwa kulitoa. Kola imeliwa na mende. Vifungo vimebaki vitatu, viwili vimeshonwa kwa uzi mweupe na kile cha juu kwa uzi mwekundu. Wanangu hunicheka kwamba baba anatunza matambara, nami huwaacha wacheke.

Ilikuwa Septemba ya mwaka sabini na nne, mwaka tuliotolewa porini na kupangwa mistarini kando ya barabara, si mbali na Kigwa. Kila kaya ilipewa nguzo yenye namba na mahali pa kujenga. Sisi tulipata thelathini na moja. Mama yangu, Eustadia, alianguka akishuka kwenye lori, mkono wake wa kulia ukavunjika kifundoni. Siku kumi baadaye, ndani ya kibanda cha nyasi, mke wangu Apolinaria akajifungua mtoto wa kiume, naye tukamwita Bernardo. Mimi Raymundi, fundi seremala, niliyewatengenezea milango watu wa tarafa nzima, mwanangu wa kwanza alizaliwa nyuma ya mkeka ulioning'inizwa.

Mtoto alipofikisha siku tano nikaitwa Tabora mjini. Shule ya kijiji ilihitaji madirisha na madawati, na mbao zilikuwa kwenye karakana moja ya Ipuli. Nilikaa huko wiki tatu. Kulikuwa na mwanamke aliyetuuzia vitumbua pale karakanani, jina lake Maua. Sitasema mengi juu yake, maana hakunikosea kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mbali na nyumbani, na nilijua nilichokuwa nikifanya. Hayo yanatosha.

Nilishuka kwenye treni pale Kigwa nikiwa na sukari kilo mbili na doti ya kanga ya mke wangu. Sikufika mbali kijijini kabla sijamsikia mtoto. Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa kilio cha mtu anayeungua, na kilikuwa kikitoka namba thelathini na moja.

Nilimkuta Apolinaria ameketi mkekani, macho yamemwingia ndani. Aliniambia mtoto alianza siku chache baada ya mimi kuondoka. Akinyonya, hunyonya vizuri kama watoto wengine. Akilazwa tu, maziwa yanarudi, mengine puani, naye anajipinda mgongo na kulia mpaka sauti inakauka. Hajalala usingizi wa maana kwa siku kumi na tano, na mama yake naye vilevile. Kisha akaninyooshea mtoto.

"Mshike, Baba Bernardo."

"Nina vumbi la treni," nikasema.

Kesho yake nikasema nina vumbi la mbao. Kesho kutwa nikasema nina kikohozi.

Mama alikuwa amekwisha kuupa ugonjwa jina. "Kabemendwa huyu," aliniambia mara tu tulipobaki wawili nje, akiwa ameupakata mkono wake uliofungwa vijiti. Kwa mtu asiyelelewa na bibi, nieleze: mtoto mchanga hubemendwa mzazi wake mmoja anapotoka nje ya ndoa kisha akaja kumshika. Mtoto hutapika, hunyong'onyea, hubaki ngozi na mifupa. Si ugonjwa wa sindano. Dawa yake huanza pale mwenye kosa anapofungua kinywa.

Hesabu rahisi ingenionyesha kwamba mtoto alianza kutapika nikiwa bado Ipuli, kabla sijamgusa hata kwa kidole tangu nimwendee Maua. Hesabu hiyo sikuifanya. Nilichokiona ni mikono yangu tu, na nilikuwa na hakika kwamba nikimgusa mtoto yule atakufa.

Mama ndiye aliyeifanya hesabu, tena akaipeleka kwingine. Mwanawe hakuwapo, alikuwa kazini. Kwa hiyo aliyetoka ni mkwewe. Kijiji kimejaa watu wasiojulikana, wanamgambo wanapita asubuhi na jioni, na kibanda hakina mlango.

"Treni ya Jumamosi ikipita, arudi kwao Usinge," akasema. "Mtoto abaki. Nitamwachisha hilo ziwa lenye sumu nimnyweshe uji."

"Mayu, mtoto hajatimiza hata mwezi."

"Basi mkeo aseme alikuwa na nani."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nimeirudia saa ile mara nyingi katika maisha yangu, nikiwa ninapiga randa, nikiwa kanisani, nikiwa ninakula. Mama amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mke wangu ndani anasikia kila neno kupitia nyasi, nami nimesimama katikati nikiangalia vidole vyangu. Nilimwacha mke wangu abebe jina langu baya, naye ana mtoto wa siku ishirini na sita mapajani. Niliona aibu wakati ule na ninaona aibu ninapoandika.

Ijumaa alasiri alifika Bibi Mwanne. Alikuwa mkunga wa zahanati, mtu wa Tabora mjini, Mwislamu wa ukoo uliokaa pale siku nyingi, mnene kidogo, mwenye baiskeli iliyolia kila pedali ilipozunguka. Alifunga kanga kiunoni juu ya gauni lake jeupe la kazi na kuingia akiinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Huyu kabemendwa."

Bibi Mwanne hakubishana naye. Aliketi chini, akamwambia Apolinaria anyonyeshe kama siku zote, akatazama. Akamtazama tena mtoto alipolazwa, akajipinda, akaachia maziwa, akapiga yowe. Bibi Mwanne akamnyanyua, akamfuta kidevu kwa pembe ya kanga yake, akamsimamisha kifuani pake huku akimpigapiga mgongo taratibu. Mtoto akacheua hewa, sauti kubwa kama ya mzee aliyeshiba. Akanyamaza. Mimi niliyekuwa nimesimama nje penye mkeka nikaingiza kichwa kuona kama yu hai.

"Kilango cha juu ya tumbo lake bado kilegevu," akasema. "Nyie watu wazima mnajua kiungulia, mkila muhogo usiku mkalala? Ndicho hicho. Maziwa yakirudi yanamuunguza koo. Ni mchanga, hajui kusema. Mnyonyesheni kidogo kidogo, mara nyingi. Kila akimaliza, acheulishwe, kisha ashikwe wima, kichwa begani, asilazwe upesi. Nusu saa. Ndipo alazwe chali, palipo sawa, bila mto."

"Hatuna saa hapa," mama akasema.

"Mna rozari. Nyie Wakatoliki tasbihi yenu ndefu. Isemeni yote, polepole, ikiisha mlazeni." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani atakuwa anamshika?"

Mama alikuwa na mkono mmoja. Apolinaria alikuwa na homa tangu usiku wa juzi, meno yanagongana, na asubuhi ile ile alisinzia ameketi na mtoto akamtoka mapajani, bahati akaangukia nguo. Bibi Mwanne alimgusa shingo, akatoa vidonge kwenye mkoba wake, akatikisa kichwa. Nikabaki mimi.

Apolinaria akampokea mtoto kutoka kwa mkunga. Alizungumza bila kunyanyua sauti, tena kwa adabu.

"Mama, umesema mimi ndiye niliyetoka."

"Nimesema."

"Na mwanao alikuwa kazini."

"Alikuwa kazini."

"Basi mikono yake haina neno." Akanigeukia, akamnyanyua mtoto kwa mikono yake miwili iliyokuwa ikitetemeka kwa homa. "Mshike, Baba Bernardo."

Mikono yangu haikunyanyuka. Sikuiamuru ikatae. Ilining'inia tu pembeni, na wanawake watatu wakaitazama. Mtoto alianza kunung'unika. Mama aliitazama mikono ile, akanitazama usoni, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika, kwanza mdomo, halafu macho. Aliyenizaa hakuhitaji kuelezwa.

"Mayu," nikasema. "Apolinaria hajatoka popote."

Hakuna aliyeuliza kama basi ni nani. Mama alijisukuma kwa mkono wake mzima akasimama. Akiwa mlangoni, pale mahali pasipo mlango, akamuuliza Bibi Mwanne huku akiangalia nje:

"Na akimshika, mtoto akifa?"

"Akifa atakufa kwa kulazwa, mama. Hatakufa kwa kushikwa."

Mama akatoka. Nilimwona akilichukua fungu la mizizi ya dawa alilokuwa amelianika juu ya nyasi, akaenda nalo nyuma ya kibanda. Nilisubiri Apolinaria aseme neno, anilaani, anitemee mate. Alinyanyuka kwa magoti, akamweka mtoto begani kwangu, upande wa kushoto, akaushika mkono wangu kwa kiganja chake cha moto na kuubandika mgongoni mwa mtoto.

Nilikuwa nimemshika.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo kutoka huku kwetu hadi pwani na kurudi, mara sita, kwa njia ile ile inayopita karibu na kijiji chetu, na hadi anakufa bega lake la kushoto lilikuwa na sugu kubwa kama nusu ya limau. Nilipokuwa mdogo alinikubalia nilibonyeze. Sikumbuki kumsikia akisema mzigo gani ulikuwa mzito. Mimi najua wangu. Ulikuwa ratili saba na kitu, ukinuka maziwa yaliyochachuka, nao ulipumua shingoni mwangu, na kila pumzi niliingoja nikidhani ni ya mwisho.

Nilianza rozari. Shanga sikuweza kuzishika, nikawa ninahesabu kwa kubonyeza vidole mgongoni kwa mtoto. Nilipofika penye kuomba kusamehewa makosa nilijikwaa, nikarudi nyuma, nikajikwaa tena, ikabidi nipite haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakodaiwa. Fungu la pili, mtoto alicheua na maziwa ya moto yakanitiririka begani. Nikafikiri ndiyo hivyo, yamekwisha. Hakulia. Alisogeza kichwa, akatafuta mahali pakavu shingoni mwangu, akatulia. Fungu la nne mwili wake ulilegea wote, na moyo wangu ukasimama mpaka nilipousikia wake ukidunda kifuani pangu, upesi upesi. Alikuwa amelala.

Bibi Mwanne alikwishaondoka. Nilikuwa nimeisikia baiskeli yake ikilia mpaka mwisho wa mstari. Apolinaria alikuwa amejilaza mkekani, amejifunika ile doti ya kanga niliyomletea, macho wazi yakiniangalia. Nilidhani ni homa. Nilimaliza rozari, nikaanza nyingine, kwa sababu sikuthubutu kumlaza. Nilipomlaza hatimaye, chali, juu ya kanga iliyokunjuliwa, alilala mpaka ng'ombe waliporudi. Na mke wangu naye alikuwa amelala.

Treni ya Jumamosi ilipita bila yeye. Kwa miezi minne nilimshika Bernardo kila aliponyonya, niwe nimetoka shambani au kwenye randa, na kijiji kikaniita Baba Bega kwa kunitania. Mtoto alinenepa. Mama hakulitaja jambo lile tena hadi tulipomzika. Apolinaria hakuniuliza, nami sikumwambia. Tulijenga nyumba ya matofali pale pale namba thelathini na moja, nikaitia mlango wa mninga, tukazaa wengine wanne.

Miaka ishirini na tisa ikapita. Bernardo akatuletea mjukuu wa wiki tatu, na mtoto alikuwa analia vilevile, mgongo umepinda, maziwa yanarudi. Mke wa Bernardo alikuwa amechoka hadi hawezi kusalimia. Nilikuwa nimeketi uani, mikono imeanza kunyooka yenyewe, Apolinaria alipotoka ndani ameshika shati lile. Hakuwa ameniuliza liko wapi.

"Vaa hili. Usichafue jipya."

Nikavaa. Alinifunga vifungo mwenyewe kama mtoto wa shule, na alipofika kile cha juu akasimamisha kidole penye ule uzi mwekundu.

"Ulirudi nacho kutoka Ipuli," akasema. "Nyumbani tulikuwa na uzi mweupe peke yake. Na wewe hujui kushona."

Mtoto alikuwa bado analia ndani. Nikakitazama kile kifungo.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla hujatua mzigo."

"Na ukanipa mtoto. Hukuamini maneno ya mama?"

"Niliyaamini. Tuliyaamini sote wakati ule." Alinyoosha kola iliyoliwa na mende. "Nilikuangalia mpaka usingizi ukanishinda. Lakini mimi nilikuwa nadondoka na mama hana mkono. Ningempa nani?"

Nililia, mzee mzima, mbele ya kuku. Hakunibembeleza wala hakuondoka. Aliingia ndani, akatoka na mjukuu, akamweka begani kwangu, upande wa kushoto, juu ya doa la baba yake.

"Rozari moja," akasema. "Usikimbize."