Maji Aliyoyakataa Mageto

Mageto alikuwa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, na mwaka ule wa mvua za El Nino alinishikilia tusafiri pamoja mpaka Kericho kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mwanawe Ogari alikuwa akichuma chai huko, akiishi na mkewe, Phelis, katika laini za wafanyakazi, zile safu za vyumba vya kampuni.

Lori lililotubeba lilikwama matopeni karibu na Kapkatet, tukashinda hapo. Mimi nilikunywa chai iliyochemka nikiiona na kula ndizi nilizomenya mwenyewe. Hayo nilifundishwa katika darasa la jioni la watu wazima, na sikuona haya kuyarudia. Mageto alicheka, akaniita daktari wa ngumbaru, akanywa maji ya mtungi wa muuza mahindi. Alisema chai ya moto haikati kiu.

Tulipofika kwa Ogari, Mageto alikuwa anahara.

Kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mke wa mwana haoni alipolala baba mkwe. Tunaiita ensoni, ni heshima na haya kwa pamoja. Na nyumba ya kampuni ni chumba kimoja. Kwa hiyo Kimeli, jirani Mkipsigis asiye na mke, alitupa chumba chake kilichopakana na cha Ogari. Choo kilikuwa mwisho wa laini, na njia yake ilipita mlangoni pa Phelis, ambapo alikaa mchana kutwa na mtoto.

Siku ya kwanza Mageto alipita hapo akitembea wima kama mtu anayekwenda kanisani. Kisha akaacha kunywa.

Muuguzi wa dispensari ya shamba alitupa pakiti za chumvi za kuchanganya na maji yaliyochemshwa. Alisema anywe kikombe kila anapotoka chooni, maana kinachoua ni kukaukiwa maji. Akishindwa kunywa, apelekwe hospitali atundikiwe maji. Lakini mvua ilikuwa imebeba daraja, na gari halikuwa likitoka.

Mageto alipiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Nikinywa nitatoka," akasema.

"Utoke," nikamwambia.

"Nipite mbele ya mke wa mtoto wangu nimeshika suruali?"

Kimeli alikuwa mlangoni akivua gambuti. "Mzee, mimi nikiugua hivyo, hata bibi ya askofu atanipeleka choo."

Mageto alitabasamu kidogo, ila hakunywa. Ogari alitaka Phelis ahamie laini nyingine. Mzee alikataa, akasema huko nako kumejaa wake za vijana wa Kisii, na mtoto mchanga atanyeshewa bure.

Nikamwambia tutumie ndoo, nami nitaimwaga, maana sisi ni rika. Alifikiri sana, akakubali. Asubuhi ile alikunywa kikombe baada ya kikombe. Sauti yake ikarudi, akaniuliza mtoto amefanana na nani. Nikaanza kuamini tutarudi nyumbani sote wawili.

Mchana nilitoka na ndoo nimeifunika gunia. Njia iliteleza. Phelis aliniona nikiyumba, akamlaza mtoto, akaja mbio na kushika mkono wa ndoo. Nilivuta, naye akavuta.

"Lete, Baba," akasema. "Ninyi ni wazazi wetu. Nitamwaga mimi, na kuiosha nitaiosha mimi."

Alisema kwa upendo, na hakupunguza sauti, akaondoka na ndoo. Dirisha la Kimeli lilikuwa wazi.

Niliporudi ndani, Mageto alikuwa amegeukia ukuta. Nilimwambia ugonjwa hauna mkwe. Nilimsomea maandishi ya pakiti neno kwa neno. Ogari alipiga magoti na kumsihi. Tulimwinua kichwa, nikamtilia maji kwa kijiko, nayo yakamtiririka kidevuni. Macho yalikuwa yamezama. Ngozi ya mkono wake, nilipoifinya, ilibaki imesimama.

"Niache, Bogonko," akaniambia. "Ameshaosha."

Kufikia jioni alikuwa hasikii akiitwa, na Ogari alikuwa ametoka mvuani kutafuta watu wa kumbeba kwa machela hadi ng'ambo ya mto. Nilikaa nimeshika kile kikombe.

Phelis alikuja nje ya dirisha. Hakuchungulia, alisimama upande.

"Baba, amekunywa?"

"Amekunywa," nikamjibu.

Akamshukuru Mungu, akaenda kuchemsha mengine.