Utasaini Ukifika

Dorothée alikuta geti limefungwa kwa nje. Kufuli kubwa lilining'inia kwenye mnyororo, na zamu, yule mlinzi wa geti, hakuwepo. Barabara yote ya Kinanira ilijaa watu wanaoshuka: wenye magodoro kichwani, wenye watoto mgongoni, mmoja akikokota mbuzi asiyetaka kwenda. Ilikuwa Bujumbura, Julai ya 2003. Waasi walikuwa wameshuka kutoka milimani tangu alfajiri, na kila mara kombora lilipita juu ya mabati likipiga mluzi, kisha ardhi ikatikisika upande wa Musaga.

Njiani watu walimpigia kelele. "Mama, unaenda wapi, we? Rudi!" Alikuwa amejiambia kwamba anakwenda kufua, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kufua. Lakini nani anafua siku kama ile? Alipanda kwa sababu jana jioni alimwona Patroni, bwana wa nyumba ile, akiwapakia mke na watoto garini kwenda kulala hotelini mjini, na ndani ya gari hakumwona Marivic.

Aligonga geti kwa ngumi. "Marivic! Uko ndani?"

"Niko," sauti ilijibu karibu sana, kama mtu aliyekuwa amekaa chini, mgongo kwenye bati la geti. "Dorote, mi niko. Patroni anasema nilinde nyumba."

"Na kadena?" Dorothée alilitikisa lile kufuli.

"Kadena ni yeye alifunga."

Marivic alikuwa Mfilipino. Alipika, alilea watoto, alipiga pasi, na Kiswahili chake chote alikiokota jikoni na kwenye kamba za nguo, akimfuata Dorothée na beseni. Dorothée alimpenda, ingawa kulikuwa na jambo moja walilogombania wiki ile. Dorothée alikuwa amemwambia kwa furaha kwamba mdogo wake, Bella, Jumamosi anapanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Kuna mama mmoja mjini, Madamu Olga, anayewapeleka wasichana. Marivic hakumpongeza. Aliuliza tu kama Bella ameuona mkataba. Dorothée alinuna. Alidhani ni wivu.

Kombora jingine lilianguka, safari hii karibu, na vumbi la plasta likapukutika kutoka ukutani.

"Lete matela!" Dorothée alipiga kelele. "Na mablanketi yote. Tupa juu ya ukuta!"

Ukuta ulipandwa vigae vya chupa. Sauti ya Marivic ilibaki palepale.

"Paspori iko na Patroni," alisema. "Nikitoka bila paspori, mi si mutu."

"Nyumba ikikuangukia utakuwa mutu? Lete matela, Marivic!"

Kisha Dorothée alisikia miguu ikikimbia, kiti kikikokotwa, na godoro la watoto likajitokeza juu ya vigae, likafuatiwa na blanketi. Mikono midogo ikashika ukingo wa ukuta. Marivic alipoanguka upande wa pili alikuwa amechanika goti, na viatu alikuwa ameviacha ndani. Dorothée alimfunga goti kwa kitambaa chake cha kichwa, wakaingia katika mkondo wa watu.

Walipokuwa wakishuka, Marivic alizungumza bila kukoma, kama watu wanavyofanya wakiogopa. Kwao Manila, alisema, kuna ofisi ya serikali. Unaingia, unataja jina la wakala, wanakwambia kama ana kibali au hana. Yeye hakwenda. Rafiki wa binamu yake alimwambia foleni ni ndefu, nafasi itachukuliwa na mwingine, na mkataba utasaini ukifika. Akapewa viza ya kutembea, si ya kazi. Huko Dubai kazi aliyoambiwa haikuwepo. Wakala alimkabidhi kwa Patroni, aliyekuwa huko, naye akampandisha ndege nyingine bila kumweleza inakotua.

"Niliuliza mutu kwenye kiti cha jirani," alisema Marivic. "Yeye njo alinambia, Bujumbura. Mi sikujua hiyo jina."

Maneno yale, utasaini ukifika, Dorothée aliyajua. Aliyasikia kwa masikio yake katika ofisi ya Madamu Olga, na siku hiyo alitikisa kichwa kukubali.

Kwenye daraja la Muha wanajeshi walikuwa wamefunga njia kwa bariyeri. Watu walipita mmoja mmoja, vitambulisho mkononi. Wasio na karatasi walikalishwa kwenye mtaro, mikono kichwani, na hakuna aliyetaka kuwatazama. Dorothée alionyesha kitambulisho chake.

"Na huyu?" aliuliza ajida, mwanajeshi aliyesimamia pale. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ni mufanyakazi wa nyumba, Ajida. Wa Kinanira kule."

"Nauliza karatasi."

"Iko na bosi yake."

Ajida alinyoosha kidole kuelekea mtaroni. Marivic alielewa kabla hajaelezwa. Alimshika Dorothée mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

Wakati huohuo pikapu nyeupe ilitokea upande wa mjini, ikipiga honi. Alikuwa Patroni na vijana wawili wa kubeba mizigo. Alikuwa anarudi kuchukua jenereta. Alimwona Marivic, na usoni mwake Dorothée alitafuta alama ya kufurahi kwamba yu hai. Hakuiona.

"Nani amekuambia utoke?" Patroni alifoka akishuka. "Nyumba umemwachia nani?" Kisha akamgeukia ajida kwa Kifaransa laini, akacheka kidogo. Huyu ni wangu, alisema, ni mfanyakazi wangu, ataingia garini, tusikusumbue, mon adjudant.

"Karatasi zake?"

"Ninazo." Patroni alivuta mkoba wa ngozi uliokuwa chini ya kiti, akachambua pasipoti za familia yake, akatoa moja yenye jalada lililokunjika pembe. Ajida aliifungua, akatazama picha, akamtazama Marivic aliye pekupeku. Patroni alikuwa tayari amenyoosha mkono kuipokea.

Dorothée alijua kwamba akifungua mdomo, nyumba ile hatafua tena, wala nyingine ya jamaa zake Patroni.

"Ajida," alisema, "jina gani limeandikwa mule?"

"Dorothée, nyamaza," alisema Patroni.

"Soma jina, Ajida. Kama ni jina ya Patroni, mupe Patroni. Huyu dada alifungiwa na kadena ya inje. Bombe zinaanguka, na yeye amefungiwa kama mbuzi. Karuka ukuta wa chupa. Angalia goti yake!"

"Ni kweli," sauti ya mwanamke mwenye godoro ilisema nyuma yao. "Mimi ni jirani. Hata nimeona matela ukutani."

Foleni ilisogea karibu. Mtu alikohoa. Patroni alianza kusema kuhusu watu anaofahamiana nao jeshini, akataja vyeo, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu ajida alikunja uso kama mtu aliyeonjeshwa kitu kichungu. Alimwita Marivic asogee.

"Wewe. Unataka kupanda gari hii?"

Marivic alimtazama Patroni, ambaye alimtazama vilevile kama alivyomtazama kila chakula kilipoungua.

"Apana," alisema. Halafu kwa sauti zaidi: "Apana, sitaki."

Ajida alimtupia pasipoti kifuani. "Piteni. Haraka. Na wewe Monsieur, hakuna gari inayopanda leo. Geuza."

Hawakugeuka nyuma hadi walipofika Buyenzi, katika chumba Dorothée alichopanga na Bella nyuma ya gereji. Bella alikuwa anakunja nguo ndani ya sanduku jipya. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, sketi mkononi, na ilipokwisha alikasirika.

"Kwa hiyo nisiende? Nikae hapa nikingoja bombe initafute? Huko wanakufungia nyumba, hapa wanakuua barabarani. Nichague nini, dada?"

Marivic ndiye aliyejibu, akikaa kwenye kigoda huku akikanda goti.

"Enda," alisema. "Mi sisemi usiende. Mi pia nitaenda tena kazi, mama yangu anakula nini? Lakini uliza kwanza. Nyumba ya nani? Simu yao ngapi? Viza ya kazi ao ya kutembea? Kontra ya kazi leo, mu mukono yako. Mutu wa kweli anajibu. Mwizi anakasirika."

Kesho yake, milio ilipopungua, walikwenda wote watatu mjini. Ofisi ya Madamu Olga ilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa, na ilinukia marashi. Kwenye benchi alikuwepo Candide, rafiki wa Bella tangu shule, ambaye naye alikuwa asafiri Jumamosi. Madamu Olga aliwakaribisha kwa tabasamu. Bella aliuliza mwenyewe, Dorothée hakumsaidia. Alipouliza jina la mwajiri, tabasamu lilibaki. Alipouliza viza, lilipungua. Alipotaka mkataba autie mkononi kabla ya ndege, Madamu Olga alifunga kidaftari chake kwa kishindo.

"Nani amekufundisha maneno haya? Huyu Mchina? Wasichana wanalala mlangoni kwangu wakitaka nafasi yako. Utasaini ukifika!"

"Basi nipe paspori yangu, Madamu."

"Paspori iko kwa viza. Ukikataa kwenda, usiniulize tena."

Bella alisimama. "Sitaenda," alisema Bella. Akamgeukia rafiki yake. "Candide, twende."

Candide alitazama sakafu. Mama yake, Epiphanie, alikuwa analala na watoto wadogo shuleni pamoja na wakimbizi wengine tangu nyumba yao iungue. "Mi sina njia," alisema polepole. Jumamosi aliondoka.

Pasipoti ya Bella haikuonekana tena. Dorothée alipoteza kazi Kinanira, akaanza kufulia gereji ovaroli zilizojaa grisi. Marivic alihifadhiwa na masista, masera kama mtaa ulivyowaita, hadi walipompatia nafasi ya ndege kwenda Nairobi, kwenye ubalozi wa kwao. Siku ya kuagana alilia hadi kwikwi ikamshika, akacheka kwa ajili ya kwikwi, akalia tena. Bella aliingia kushona kwa mama mmoja sokoni. Siku nyingine alimlaumu dada yake, siku nyingine hapana.

Novemba, mvua ikinyesha, Epiphanie aliingia chumbani kwao bila kupiga hodi. Alikuwa ameloa na hakukaa alipokaribishwa. Candide alikuwa amepiga simu kwa jirani, alisema, kwa kunong'ona, na kabla hajataja mji alioko, mtu alimnyang'anya simu. Ofisi juu ya duka la vitambaa ilikuwa imehamwa.

"Yule dada wa Manila," Epiphanie aliuliza, "nani alimusaidia?"

Dorothée alitazama beseni lake la ovaroli, kisha akajifuta mikono. Bella alikuwa ameshavaa viatu.

"Tunaenda kwa masera," Dorothée alisema. "Wao njo walipigia simu ubalozi. Leo, Mama Candide. Tusingoje mvua ikatike."